Uwanda wa Mzee Herufi

Mama Redio alisema Mzee Herufi anaogesha picha.

Alilisema hilo bombani, ndoo yake haijafika nusu, na wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni wakageuza migongo kidogo, kama wafanyavyo watu wanaotaka kusikia bila kuonekana wanasikiliza. Si kuifuta vumbi, akasema. Kuiogesha. Kaiweka kwenye beseni la marehemu mkewe na anaimwagia maji kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto wa wiki moja. Yeye alikuwa anapita tu dirishani. Dirisha la Mzee Herufi liko nyuma ya nyumba, upande usio na njia, lakini hakuna aliyemuuliza alikuwa anapita kwenda wapi.

"Miezi mitano mke kafa, hajatoa chozi," alimalizia. "Sasa maji yanatafuta pa kutokea."

Walicheka, kisha wakanyamaza kwa pamoja, kwa sababu Mama Kibonge alikuwa amefika na ndoo zake mbili na mtoto mgongoni, na kila mtu alijua ndoo moja kati ya hizo ilikuwa ya mzee huyo huyo. Mama Kibonge mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Jina lilikuwa la mtoto, mwenye miezi tisa na mashavu ya kujaza kofia, na utani wa uani ulikuwa kwamba mtoto huyo hanyonyi maziwa, anamnyonya mama. Alisalimia, akakinga maji yake, akaiweka kata kichwani. Mama Redio alimuuliza kama ni kweli.

"Sijui, dada. Ndiyo naenda," alisema.

Alikuwa akienda kila asubuhi. Binti wa Mzee Herufi, muuguzi katika mji wa mbali, alikuwa amemwomba amtazamie baba yake: kumpikia, kumfagilia, kumfulia, na kumwangalia. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, na Mama Kibonge akaelewa kwamba ndilo lililokuwa kazi yenyewe.

Kumwangalia Mzee Herufi hakukuwa kugumu, maana hakuwa akienda popote. Zamani alikuwa kila mahali. Ukianzia kwa kinyozi mpaka ukutani mwa shule ya chekechea, vibao vyote vya mtaa ule vilitoka mkononi mwake. Alikuwa na uzi mrefu aliousugua kwa chaki. Aliubana ncha mbili juu ya ubao, akauvuta katikati kwa vidole viwili, akauachia, na mstari mweupe ukabaki pale umenyooka kama umechorwa na mwenye haki. Kisha akashika brashi na kuandika bila penseli. Hata ukuta wa nyuma ya soko aliuandika USIKOJOE HAPA, kwa herufi nzuri kiasi kwamba watu walisimama kuzisoma, na walipomaliza kusoma, kwa maneno ya Mama Redio, walikuwa wameshasimama muda mrefu na haja imewabana. Vibao vya plastiki vya mashine vilipokuja, kazi ilipungua, lakini jina halikupungua. Na mkewe, kwa kuwa alikuwa mkewe, akaitwa Bibi Herufi. Mwenyewe alikuwa akilicheka jina hilo, kwa sababu hakujua kusoma hata moja. Vibao vya mumewe alivijua kwa rangi.

Bibi Herufi aliugua siku sita. Mzee alirudi kutoka hospitali na ndala za mkewe kwenye mfuko, akaziweka mlangoni pale zilipozoea kukaa, akaenda kusaidia kupanga viti vya wageni. Watu walimtazama siku nzima, kama watu wanaosubiri mvua. Haikunyesha. Wiki ya tatu baada ya mazishi, Mama Kibonge alimkuta ameipua sufuria jikoni kwa mikono mitupu. Malengelenge yalikuwa yamejaa vidoleni na yeye anakunywa uji. Alipomwonyesha, alivitazama vidole kama vya mtu mwingine.

"Kumbe," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake siku zile. Ukimwambia mvua imekatika, kumbe. Ukimwambia binti yake amepiga simu, kumbe. Jingine lilikuwa "sawa". Kwa maneno hayo mawili alikuwa amevuka miezi mitano.

Picha yenyewe ilijulikana mwezi uliopita. Binti alikuja kugawa nguo za mama yake, akalisogeza kabati, na nyuma yake, imefungwa kwa shuka na kugeuzwa uso ukutani, ikatokea karatasi nene iliyobandikwa juu ya ubao, upana wake kama gazeti lililofunuliwa. Wiki hiyo hiyo alikuwa amekuja mwalimu wa chuo cha sanaa, kijana wa miwani, kupiga picha vibao vya zamani vya mtaani. Walikuwa wanaandaa maonyesho. Binti alimwonyesha. Kijana aliipeleka mlangoni penye mwanga, akachuchumaa mbele yake, akakaa pale mpaka magoti yakamlia.

Aliuliza nani kachora. Mzee akasema ni yeye, akiwa na miaka ishirini na miwili, kabla hajaja mjini, alipokuwa akiwabebea wapima ardhi nguzo zao. Bwana mkubwa wa wapima alikuwa na kopo la rangi za maji la kuchorea ramani, vijumba kumi na viwili vya rangi mle ndani, na alipohama alimwachia. Mchana, wenzake walipolala chini ya gari, yeye alikaa juani na kuchora uwanda uliokuwa mbele yao, akilowesha brashi kwa maji ya kunywa. Hayo yote aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.

Mwalimu alitaka picha iwe ya kwanza ukutani, watu wakiingia tu waione. Lakini kulikuwa na jambo. Nusu ya juu ya karatasi ilikuwa imepakwa buluu nzito, yenye mabaka na michirizi, na alisema hiyo haikuwa ya mchoraji. Aliandika kwenye daftari lake: imeharibiwa baadaye. Chuoni kuna mtaalamu wa kuisafisha. Yeye mwalimu angekuja Jumamosi saa nne kuichukua, waitoe buluu, picha irudi ilivyokuwa.

"Miaka yote mnamwita fundi," binti alimwambia Mama Kibonge siku hiyo wakikunja nguo. "Ni sawa, ni fundi. Ila nataka siku moja aitwe msanii, angali anasikia."

Mzee alisema sawa.

Basi asubuhi hiyo ya Jumatano, Mama Kibonge alitua ndoo mlangoni, akabisha hodi, akaingia. Alichokiona kilikuwa kidogo kuliko habari ya Mama Redio, kama kawaida ya habari za Mama Redio. Picha haikuwa ndani ya beseni. Ilikuwa imelazwa juu ya beseni, ubao umeegemezwa ukingoni, na Mzee Herufi ameketi kwenye kigoda akigusa pembe ya juu kwa brashi ya maji, kisha anakandamiza pamba, kisha anaikamua. Maji yaliyokuwa beseni​ni yalikuwa buluu hafifu. Pamba zilizotumika alizipanga kwenye sahani, moja moja, kwa mstari.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu."

Alifagia kwanza. Alikuwa amejifunza kwamba ukianza na kazi, maneno huja yenyewe, na yasipokuja chumba kimekuwa safi. Alipofika karibu na beseni aliinama kuokota kipande cha pamba, na hapo ndipo alipoitazama picha kwa mara ya kwanza bila wageni chumbani.

Chini kulikuwa na nyasi. Hazikuchorwa jani kwa jani. Ilikuwa mistari michache ya manjano na kahawia, lakini ulijua ni nyasi, na ulijua ni kavu, na kwamba ukipita zitakukwaruza miguu. Njia ya ng'ombe ilitokea mbali ikija mpaka mbele, ikakatwa na ukingo wa karatasi, kana kwamba hatua inayofuata ni yako. Kivuli cha wingu kilikuwa kimelala katikati ya uwanda. Nyuma kabisa, vilima vitatu. Hapakuwa na nyumba wala mti wala mtu. Mama Kibonge, aliyezaliwa kwenye chumba chenye ukuta wa jirani kila upande, alijikuta amevuta pumzi.

Na juu, buluu. Ilipakwa kwa mawimbi, huku nzito huku nyepesi, kama shuka iliyosuuzwa kwa haraka. Tone moja lilikuwa limetiririka likakatisha kilima cha kulia. Pembeni kushoto, mzee alikuwa ameshafuta pande la ukubwa wa kiganja; karatasi ilionekana pale, nyeupe isiyotakata. Na kilima cha kushoto hakikuwa na kilele tena.

"Kilima kimetoka, Babu."

"Buluu na kilima vilishikana," alisema. "Ukitoa kimoja, na kingine kinakuja."

Alikamua pamba. Mkono haukutetemeka, miaka sabini karibu, na brashi bado ilienda alikotaka. Mama Kibonge aliuliza kwa nini asimwachie yule mtaalamu, maana si walisema watakuja Jumamosi. Mzee aliichovya brashi tena. Kisha akaanza kueleza, bila kumtazama, na ikawa ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia akisema maneno mengi kwa mfululizo.

Alisema pale juu hakupaka kitu, kwa makusudi. Uwandani, saa sita mchana, anga halina rangi. Ni mwanga mtupu. Ukiutazama macho yanajaa maji. Kwenye rangi za maji huna cheupe cha kupaka. Cheupe ni karatasi yenyewe. Unachotaka king'ae, unakiacha. Kazi ngumu ya picha ile haikuwa kupaka nyasi, ilikuwa kuuzuia mkono usiende juu. Aliitundika kwenye chumba chao cha kwanza, akaoa, picha ikiwa ukutani. Halafu akaitwa mji wa jirani kuandika shule nzima, siku kumi. Aliporudi, picha ilikuwa palepale kwenye msumari wake, na anga lote limepakwa buluu ya kufulia. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, tumbo la miezi saba mbele.

Hakugomba. Aliishusha picha, akaigeuza ukutani, na hakusema na mkewe siku tisa. Siku ya kumi aliomba chumvi. Halikuzungumzwa tena, miaka arobaini na miwili.

"Hasira ile ndiyo kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo," alisema. "Nikawaza, nikiigusa picha itarudi. Hasira, au chochote kile. Mguu ukifa ganzi, mtu si anaugonga chini?"

"Imerudi?"

Aliitazama pamba mkononi.

"Buluu inatoka tu," alisema.

Kibonge alikuwa amejinyonga mgongoni mpaka mkono wake ukafika beseni. Akaupiga maji na kuutoa na vidole vya buluu. Mzee aliushika mkono ule, akaufuta kwa kona ya shati lake, kidole kwa kidole, uso wake hauna habari yoyote. Kisha akarudi kwenye pembe yake ya picha.

Mama Kibonge alipika, akafua, akaondoka bila kusema alilokuwa nalo. Kwa maana alikuwa nalo.

Marehemu alikuwa amempa hadithi ile ile, kutoka upande wa pili. Kibonge alikuwa na mwezi mmoja, na Mama Kibonge hajui hata nepi husuuzwa vipi zikawa nyeupe. Bibi Herufi alikuja na kidonge cha buluu kimefungwa kwenye kitambaa, akamwonyesha: unakichovya, unakitikisa mara mbili, unakitoa. Kidogo tu, alisema, usije ukafanya kama mimi. Akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akaeleza, na alipofika katikati alikuwa ameacha kucheka.

Maneno ya marehemu ni kama nguo zake. Huzivai kwa kuwa tu ulizikuta kambani. Hilo ndilo lililomzuia Mama Kibonge siku ile yote. Kama Bibi mwenyewe hakumwambia mumewe kwa miaka arobaini na miwili, yeye jirani wa miaka mitatu ni nani? Na kama angemwambia, halafu mzee akasema "kumbe" na kuendelea kufuta? Hiyo ndiyo aliyoiogopa zaidi. Kuna kitu ukikitoa kikaangukia pabovu, huwezi kukiokota tena.

Alhamisi binti alipiga simu. Mama Kibonge hakujua kudanganya, akamweleza baba anaifuta mwenyewe buluu iliyopakwa na mama, na kilima kimeshaathirika. Upande wa pili palikuwa na kelele za wodi.

Binti alisema mengi kwa wakati mmoja: kwamba ataiharibu kabisa, kwamba mwalimu atakuja kukuta karatasi tupu, kwamba yeye mama yake alimpenda lakini kosa ni kosa, na baba yake asilipishwe kosa hilo mara ya pili uzeeni. Mwishoni aliagiza. Amwondolee picha, aiweke juu ya kabati mpaka Jumamosi. "Hatakataa," alisema. "Wewe mwambie tu. Atasema sawa."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu Mama Kibonge hakuweza. Ijumaa aliingia na nia hiyo. Mzee alikuwa ameketi mbele ya picha, brashi imekauka, weupe wa pembeni umefikia ukubwa wa viganja viwili. Alisema atamalizia kesho asubuhi kabla mgeni hajafika. Angemwambia, Babu, lete niiweke, na yeye angeinua mikono na kuiachia, kama alivyoziachia nguo za mkewe. Kumnyang'anya mtu anayeshikilia, unapambana naye. Kumnyang'anya asiyeshikilia ni kama kumwibia aliyelala. Alimpikia, akafunika chakula, akaenda kwake. Mama Redio alimzuia njiani kuuliza picha imeshakauka au bado inaogeshwa.

"Inaendelea vizuri," alijibu. "Imeanza kunyonya."

Mama Redio alibaki mdomo wazi, hajui kama amejibiwa au ametaniwa.

Jumamosi Mama Kibonge aliamka na uamuzi, ingawa hakumbuki alilala nao. Alifika saa mbili. Mzee alikuwa ameshabadilisha maji ya beseni na kuchana pamba mpya, ameipanga. Mama Kibonge alimfungua mtoto mgongoni, akampakata, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee akaitua brashi.

"Babu," alisema, "Bibi aliniambia habari ya hilo anga. Sikutumwa nikwambie. Nikikosea nisamehe."

Hakusema sawa wala kumbe. Akasubiri.

Akamwambia. Kwamba Bibi hakuiona picha mbaya, hata siku moja. Alikuwa akiitazama kila akifagia. Ila sehemu ile tupu ilimsumbua, siyo kwa macho, kwa huruma. Siku moja alilifungua kopo la rangi alipofuta vumbi, akaona vijumba kumi na kimoja bado vina rangi, na kimoja, cha buluu, kimekwisha mpaka bati linaonekana. Akajiambia: kumbe. Mume wangu ilimwishia akiwa huko porini, akakosa ya kumalizia, na anaona aibu kusema. Wakati huo hakukuwa na duka lenye rangi zile, na mtoto alikuwa njiani. Alichokuwa nacho cha buluu ni kidonge cha kufulia. Mzee aliposafiri, Bibi alijaribu siku mbili nyuma ya kalenda ya zamani, kwa kitambaa, kwa sababu brashi za mumewe aliziogopa. Siku ya tatu akapaka.

"Alisema, nilitaka arudi akute mbingu yake imefika," Mama Kibonge alisema. "Alipouona uso wako alijua amekosea. Amekosea nini, hakujua. Aliniambia mpaka siku hiyo alikuwa hajui."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema uliporudi kusema naye, ulisema chumvi. Akaona basi, tuendelee na chumvi."

Mzee Herufi aliinuka. Alipiga goti kando ya kitanda, akavuta boksi la brashi, na chini ya matambara yenye rangi akatoa kopo la bati, lililopinda kona moja. Kifuniko kilikataa, akakifungua kwa ukingo wa kijiko. Mle ndani rangi zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, nyekundu, kijani, manjano karibu yote imekwenda. Alikiweka kidole chake kwenye kijumba kimoja. Bati. Alikitembeza kidole pembe zote nne.

"Niliimaliza kwenye kivuli," alisema. "Kivuli cha wingu, na vilima. Vilikula buluu yote."

Aliketi tena, kopo mapajani. Mama Kibonge alimtazama kama alivyofundishwa na kazi yenyewe, kwa pembe ya jicho. Alikuwa akisubiri, kama watu walivyosubiri siku ile ya viti. Hakuna kilichokuja. Uso ulikuwa uleule. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, kama mtu anayejaribu bomba asubuhi kuona kama maji yametoka.

"Hata sasa," alisema, taratibu. "Unaona? Nimesikia kila neno. Nimelielewa. Naliona liko pale, kubwa, na halinifikii."

"Litafika, Babu."

"Labda." Alilifunga kopo. "Lisipofika, lakini nimelijua."

Kibonge alikuwa amelala. Redio ya mtu ilikuwa ikitoa habari za bei za mazao, na nje kamba ya nguo ililia kwa uzito. Mzee aliivuta picha, akaiegemeza juu ya magoti, akaitazama kwa mkono ulionyooshwa, kama alivyotazama vibao kabla ya kumwita mwenye duka. Pembe nyeupe ilikaa pale kama bandeji. Alisema sasa imekuwa si yake wala si ya mkewe. Mwenye macho angesema hapa wawili wamegombana.

Ndipo sauti ya Mama Redio ikasikika uani, ikimwelekeza mtu kwa ufasaha kuliko ulivyohitajika: mlango wa tatu, siyo huo, huo wenye ndala. Saa nne haikuwa imefika. Mwalimu alikuwa amewahi.

Mama Kibonge aliinuka kwenda kumpokea. Mzee alimwambia amkaribishe kiti, nje, kivulini, ampe maji, amwambie asubiri kidogo. Na amwambie hakuna cha kusafisha. Kama anaitaka, aichukue na anga lake. Kama haitaki, itarudi kwenye msumari. Binti yake atakasirika. Mzee mwenyewe atampigia, atamweleza kuhusu lile bati. Ni haki yake kujua alikuwa tumboni mwa mtu wa namna gani.

Alitoka, akamketisha mgeni, akampa maji. Kijana alishukuru, akaiweka miwani sawa, akauliza kama picha iko salama. Alisema iko salama. Mama Redio alikuwa ameshapata nguo za kuanika karibu kabisa na kiti kile.

Aliporudi ndani, alimkuta mzee amekwisha kufunga kidonge cha buluu kwenye kitambaa safi. Kilikuwa katika vitu vya marehemu, kwenye debe la sabuni ambalo hakuna aliyeligawa. Bakuli la maji lilikuwa mezani, na pembeni yake picha imelazwa chali, pembe nyeupe ikiuelekea mlango. Brashi zake zote zilikuwa zimerudishwa boksini.

Mama Kibonge aliuona mpango wote kwa mara moja, akarudi hatua.

"Mimi sijui kuchora, Babu. Shuleni nilichora chungu, mwalimu akasema ni kuku."

"Najua hujui."

"Sasa nitaharibu."

"Nikipaka mimi nitapaka vizuri," alisema. "Mkono huu haujui kupaka vibaya, ndiyo kasoro yake. Utanyoosha, utasawazisha, na watu wataona mahali yeye alipoishia na mimi nilipoanzia. Sitaki vizuri." Alikisukuma kile kitambaa mezani kuelekea kwake, taratibu, kwa kidole kimoja. "Mlaze mtoto kitandani, mwanangu, unipakie hapa. Paka tu kama unavyosuuza nguo."